Tisini na Moja Ukutani

Watoto walimwita Bi Mistari, na mwenyewe alilijua jina hilo ingawa wao walidhani ni siri yao. Wala halikumkera. Mwalimu asiyepewa jina na wanafunzi, alikuwa akiwaambia wenzake ofisini, huyo bado hajaingia darasani.

Jina lilitoka uwanjani. Kila mwaka, mada ya namba tasa ilipofika, aliwatoa watoto wa darasa la tano nje na kuwageuza wao wenyewe kuwa hesabu. Kumi na wawili, simameni hapa! Jipangeni mistari iliyo sawa, asibaki mtu. Watoto walisukumana, wakakanyagana, wakapata mistari miwili ya sita sita, au mitatu ya wanne wanne. Haya, mwenzenu mmoja aongezeke, muwe kumi na watatu. Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Wakijipanga wawili wawili, mmoja anabaki. Watatu watatu, anabaki. Wanne wanne, bado yupo, kajishika kiuno, anachekwa. Mwishowe walichoka, wakasimama msururu mmoja mrefu kama watu wanaongoja maji bombani.

"Mmeona?" alikuwa akiwaambia. "Namba inayokataa kupangwa, isiyokubali ila msururu mmoja, hiyo ndiyo tasa. Vigawo vyake ni viwili tu, moja na yenyewe. Hizi nyingine zinazokubali mistari, hizo zina vigawo zaidi. Zinavunjika."

Basi mtoto aliyewahi kuachwa peke yake mbele ya wenzake kwa sababu ya kumi na tatu, hakuisahau kumi na tatu maisha yake yote.

Kitu cha pili kilichomtambulisha ni ukuta. Alipofika shuleni hapo alikuwa na miaka ishirini na minne, hajui hata ufunguo wa kabati uko wapi, ana bidii inayomwasha mwilini kama upupu. Likizo yake ya kwanza aliomba nusu kopo la rangi ya buluu iliyobaki baada ya mlango wa ofisi kupakwa, akapanda juu ya dawati, akaandika ukutani, nyuma ya darasa, namba tasa zote kuanzia mbili hadi tisini na saba. Kitabu cha wakati ule kiliishia hamsini. Zilizobaki alizitafuta mwenyewe, kwa penseli, kwenye karatasi, jioni moja. Zilikuja namba ishirini na sita, akazipanga safu mbili za kumi na tatu kila moja, zikapendeza, zikakaa ukutani kama vifungo viwili viwili vya koti la askari.

Ukuta ulipakwa upya mara mbili tangu hapo. Mara zote mbili wapaka rangi waliamriwa waupitishe burashi kando kando, wasizivuruge namba za Bi Mistari. Vizazi vya watoto viliketi chini ya namba hizo. Mwalimu mkuu wa sasa naye aliketi hapo, kaptula imemfika magotini, kamasi haziishi.

Miaka ishirini na minane zilikaa. Kisha ikaja Jumamosi moja.

Mchana huo alikuwa nyumbani, mezani, anasahihisha madaftari. Mama yake, fundi cherehani aliyeacha kazi macho yalipoanza kumkataa, alikuwa kando ya dirisha anatengua pindo la gauni kwa vidole, maana vidole vilikuwa bado vinaona. Zoezi lilikuwa jepesi: namba kumi, taja ipi ni tasa na ipi si tasa. Alikwisha kulisahihisha daftari la Chiriku na kumwekea kumi kwa kumi, akawa analifunga, kidole chake kikapita juu ya karatasi mahali palipochakaa kama kiwiko cha sweta.

Mtoto alikuwa amefuta hapo. Si kufuta kwa kawaida, bali kufuta kwa mtu anayetaka kitu kisijulikane kuwa kiliwahi kuwepo.

Chiriku lilikuwa jina la kumdhihaki. Ndege chiriku hanyamazi, na mtoto huyu hakuwa akisema. Alihamia muhula wa pili. Baba yake alikuwa fundi wa kutandika vigae vya sakafu, na familia ilimfuata popote jengo lilipoinuka, kwa hiyo mtoto alikuwa amezoea kuwa mgeni, na mgeni, kama ilivyo, hufunga mdomo. Aliketi dawati la mwisho, chini kabisa ya ukuta ule.

Bi Mistari akaliinua daftari dirishani, mwanga ukapenya karatasi. Akaona vijiraba, miraba midogo midogo, vimechorwa kwa mkono uliozoea kuona sakafu. Akavihesabu. Saba kwenda chini. Kumi na tatu kwenda kando. Pembeni yake palikuwa na kivuli cha maneno mawili, *si tasa*. Na juu ya kivuli hicho, kwa mwandiko safi wa utii, mtoto alikuwa ameandika upya: *91 – tasa*. Na juu ya utii huo, wino mwekundu, alama ya vema. Mkono wa nani? Wake mwenyewe, mwalimu.

Akatabasamu kwanza. Mtoto alichora kijiraba kimoja zaidi, akajiambia. Halafu tabasamu likamkauka.

"Mama, niazime lile kopo lako la vifungo."

"Una nguo gani iliyokosa vifungo?"

"Nataka kuhesabia."

"He!" Mama akaacha pindo. "Umri huo, na mshahara unalipwa, bado unahesabia vifungo? Kumbe hata mimi ningekuwa mwalimu."

Alivimwaga mezani, vikabingirika. Akaanza kupanga kumi na tatu, mstari wa kwanza. Kumi na tatu, wa pili. Vifungo vya mashati ya watu waliokwisha kukua, vya sare, vya koti, kimoja cheupe cha gauni la bibi harusi fulani. Mstari wa saba ulipofika kifungo cha kumi na tatu, alikuwa amefika tisini na moja. Hakikubaki kimoja mkononi. Hakikupungua kimoja mezani.

Akainamia meza. Akakumbuka jioni ile ya penseli, akaona kabisa ni wapi alipojikwaa. Alikuwa anajaribu kila namba kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kisha kwa saba. Na saba aliijaribu kwa ule wimbo wa utotoni, saba mara moja, saba mara mbili, wimbo ambao watoto wote huimba na wote huishia pale pale: saba mara kumi na mbili, themanini na nne. Hapo walikuwa wanapumua, wanaanza wimbo wa nane. Tisini na moja ilikuwa imesimama hatua moja tu nje ya mlango wa wimbo, na yeye hakutoa kichwa kuchungulia.

"Umepata nini?" mama akauliza.

"Nimepata kosa."

"La nani?"

"Langu. Nimelifundisha miaka ishirini na minane."

Mama alicheka, cheko fupi la mtu aliyekaa na watu wengi. "Mimi nilimkatia bwana mmoja koti, mkono mmoja mfupi. Nikamwambia, bwana, wewe ndiye una mkono mrefu upande huu. Akaamini! Akawa anatembea kainamisha bega. Kila nikimwona njiani najificha." Akakata uzi kwa meno. "Nguo ukiikata vibaya, mwanangu, usimlaumu mtu mwili wake. Mimi sikumrudishia lile bega, na mpaka leo linanitembelea."

Bi Mistari hakucheka. Namba yenyewe haikumuuma sana. Namba ni kitu cha kusahihishwa, unapiga mstari, mambo yanakwisha. Kilichomuuma ni kile kifutio. Mtoto alikuwa ameona. Alichora, akahesabu, akapata kweli kwa mkono wake mwenyewe, peke yake, bila kufundishwa na mtu. Kisha akainua macho ukutani, akaona ukuta unasema vingine, akaona mwenye makosa ni macho yake. Na mwalimu wake akampa vema kwa hilo.

Ni wangapi kabla yake? Kifutio hakiachi orodha.

*

Jumatatu alifika shuleni mlinzi hajamaliza kufungua madarasa. Mkobani alikuwa na burashi na kopo dogo la rangi nyeupe. Akapanda juu ya dawati, magoti yakamkumbusha kuwa safari hii si ya miaka ishirini na minne, akachovya burashi.

"Mwalimu wangu! Utaanguka!"

Alikuwa mwalimu mkuu, funguo mkononi. Mbele ya walimu wengine alimwita Mwalimu, lakini wakiwa wawili hakuacha kuongeza lile *wangu*, kama mtoto anayeng'ang'ania pindo la nguo. Bi Mistari akamweleza, akiwa bado juu ya dawati. Mwalimu mkuu akatazama namba, midomo ikacheza, akatoa simu mfukoni akagawanya. Akaitazama simu muda mrefu kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba wa jirani.

"Saba mara kumi na tatu," akasema. "Aisee. Na mimi nimeshawafundisha wanangu nyumbani kuwa haigawanyiki. Nilimgombeza mkubwa kabisa!"

"Basi kamwombe radhi."

"Mimi? Yule? Atanitangaza nyumba nzima." Akaangalia mlangoni, akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Watoto hawajafika. Paka haraka, hiyo rangi inakauka nusu saa. Nani atajua? Zikibaki ishirini na tano nani atazihesabu?"

"Yupo mmoja atakayejua."

"Nani?"

Akamwambia kuhusu Chiriku. Mwalimu mkuu akasikiliza, akakuna kichwa.

"Basi si vizuri zaidi? Ataingia, ataona imeondoka, atajua alikuwa sahihi."

Ndicho alichokuwa anakifikiri hata yeye tangu Jumamosi, na ndiyo sababu ya burashi. Lakini sasa, lilipotoka mdomoni mwa mtu mwingine, alilisikia vizuri. Mtoto ataingia. Ataona ukuta umebadilika. Atachukua kifutio, atafuta *tasa*, ataandika *si tasa*. Juzi aliutii ukuta wa buluu, leo atautii ukuta mweupe. Atakuwa amepata jibu, na macho yake yatabaki pale pale alipoyaacha.

"Hapana," akasema, akakifunika kopo. "Nishike mkono nishuke."

"Sasa utafanyaje?"

"Nataka aseme mwenyewe."

"Yule? Yule mtoto nilimuuliza jina lake siku anaandikishwa, akamtazama baba yake." Mwalimu mkuu akamshusha taratibu. "Na akisema, mwalimu wangu, atakuwa anakusema wewe. Mbele ya darasa zima. Unataka kujivua nguo mbele ya watoto?"

"Bora nijivue. Nikivuliwa nitaonekana zaidi."

Jumatatu hiyo akawauliza darasani, kama kwa mzaha, kama kuna namba yoyote ukutani wanayoitilia shaka. Watoto wakageuza shingo, wakaangalia, wakamrudia na macho ya huruma. Kiranja wa darasa, msichana mwenye filimbi shingoni na sauti inayotosha shule mbili, akajibu kwa niaba ya taifa zima: "Mwalimu, imeandikwa!" Chiriku aliangalia dawati lake.

Jumanne akawapa kila mmoja namba ya kuchora vijiraba, na Chiriku akampa tisini na moja kusudi. Mtoto alichora msururu mmoja mrefu, ulipofika ukingoni mwa karatasi akaukunja, akaendelea upande wa pili, vijiraba tisini na kimoja, foleni moja isiyo na mwisho. Hakukosea hata kimoja. Bi Mistari alisimama nyuma yake, akatamani kumshika mabega. Akarudi mbele ya darasa. Usiku hakuonja usingizi vizuri.

Jumatano alikwenda mkondo B wa darasa la tano, kwa mwalimu wa jiografia waliyemwita Bwana Ramani.

"Leo wanafunzi wangapi umepata darasani?"

"Arobaini na wanne. Kwani unanunua?"

"Naazima. Wangu ni arobaini na saba."

"Chukua wote. Ukiwarudisha wamepungua sitalalamika."

*

Uwanja ulikuwa mkavu na mweupe, vumbi linaruka kila mtoto akiburuta kiatu. Bwana Ramani akaketi kwenye ngazi za darasa, kakunja miguu kama mtu aliyekuja kuangalia mpira. Waliwapanga kwanza ishirini na wanne, wakapangika kwa raha. Wakawaita ishirini na watatu, wakakataa kupangika, kicheko. Kisha Bi Mistari akapiga makofi.

"Sasa wote. Mko wangapi?"

Kiranja akawahesabu kwa filimbi, pyu, pyu, pyu. "Tisini na moja, Mwalimu!"

"Mtapangika?"

"Hatupangikiii!" wakajibu kwa kiitikio. "Ni tasaaa!"

"Jaribuni nione."

Wakajaribu wawili wawili. Aliyebaki alikuwa kiranja, kwa sababu ndiye aliyekuwa anawapanga wenzake na kujiweka mwisho. Wakajaribu watatu watatu, akabaki kiranja. Wanne wanne, wakabaki watatu, yeye yumo. Watano watano, kiranja. Sita sita, kiranja tena, peke yake, filimbi mdomoni.

"Bi Masalia!" mmoja wa mkondo B akapaza sauti.

"Masalia mama yako!"

"Hee! Adabu," akasema Bwana Ramani kutoka ngazini, huku anacheka.

"Mistari saba," akasema Bi Mistari, na alijitahidi sauti yake isiwe na kitu ndani.

Wakajisukuma. Mstari wa kwanza, kumi na watatu. Wa pili, kumi na watatu. Kiranja alipita huku na huku akivuta huyu, akimbana yule, mpaka mstari wa saba. Kisha, kabla hajaambiwa na mtu, akatoka pembeni akasimama mahali pake pa siku hiyo, mahali pa masalia, mikono nyuma. Alishazoea.

Na mwisho wa mstari wa saba kukawa na pengo. Nafasi moja ya mtu mmoja.

"Kuna mtu hayupo!" wakaanza. "Nani kaenda chooni?" "Yule aliyenyoa kipara yuko wapi?" "Mimi hapa!" "Tumepungua!" Kiranja akapuliza filimbi, akaapa kuwa alihesabu tisini na moja. "Basi mmoja katoroka," wakamwambia. Watoto wakaanza kuinama na kuchungulia chini ya miguu ya wenzao, kana kwamba mtu aliyepotea angekuwa ameanguka kama peni.

Bi Mistari aliuma ulimi. Angesema neno moja tu, yote yangekwisha. Dakika za kipindi zilikuwa zinayoyoma, mtoto wa kupiga kengele alishatoka ofisini, anajivuta kuelekea kwenye kengele. Macho yake yalikuwa mstari wa sita, mtu wa nne kutoka mwisho.

Chiriku hakuchungulia chini ya miguu ya mtu. Alikuwa analiangalia lile pengo. Kisha akamwangalia kiranja. Kisha pengo. Midomo yake ilitikisika kama ya mtu anayehesabu hela ambayo si yake. Akashusha macho.

Bi Mistari akaigeukia kengele. Basi, akajisemea. Nilichelewa.

Ndipo mtoto akatoka kwenye mstari. Alikwenda moja kwa moja, mabega juu, mwendo wa mtu anayevuka barabara, akamshika kiranja mkono wa sweta na kumvuta.

"We! Niache! Mwalimu, Chiriku ananivuta!"

Hakumwacha. Akamburuta mpaka mwisho wa mstari wa saba, akamsimamisha penye pengo, akarudi mahali pake.

Mistari saba, kumi na watatu kila mmoja. Hakuna aliyebaki nje isipokuwa walimu wawili na vumbi.

"Haiwezekani," akasema yule wa kipara. "Ni tasa hii."

"Hesabuni tena!" akaamuru kiranja. Wakahesabiana, sauti ikapita kichwa kwa kichwa. Tisini na moja.

"Basi kuna wa darasa la nne kajipenyeza!"

"Nani? Wewe mfupi!"

"Mimi wa la tano! Muulize mama yangu!"

"Hakuna aliyejipenyeza."

Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtu ambaye hakuwa ameipima kwa muda mrefu. Watoto walitafuta ilikotoka. Chiriku alikuwa anaangalia mbele, si kwa mtu yeyote.

"Tumetimia. Ni saba mara kumi na tatu. Ukiwa na vigae tisini na kimoja unajaza chumba cha saba kwa kumi na tatu, na hukati hata kimoja."

"Na ukutani je?" kiranja akamtolea macho. "Kwa hiyo wewe unajua kuliko ukuta?"

Kengele ikalia wakati huo huo, na hakuna aliyesogea.

"Ukuta umekosea," akasema Chiriku.

"Aaaaa!" Mlio ukapita mistari yote saba, ule mlio wa watoto walioona sahani inavunjika. Maana hapakuwa na mtoto asiyejua ukuta ule ni wa nani. Vichwa tisini vikamgeukia Bi Mistari. Na Chiriku naye akageuka, na sasa ndipo alipoonekana kuelewa alichokifanya.

"Una hakika?" Bi Mistari akamuuliza. Hakumuuliza kwa ukali wala kwa upole. Alimuuliza kama mtu anayemuuliza fundi.

Mtoto akaangalia mistari mara nyingine, mmoja mmoja, bila haraka. "Nina hakika."

"Hata mimi nina hakika. Ule ukuta niliuandika mimi, na tisini na moja nilikosea. Nilikuwa nimejaribu saba mpaka wimbo ulipoishia, nikaona inatosha. Haikutosha. Mwenzenu huyu aliligundua wiki iliyopita daftarini mwake, na mimi nikampa vema alipoandika kosa langu. Naomba radhi kwake, na kwenu."

Hakuna aliyejua mtu hujibu nini mwalimu akiomba radhi. Halikuwa kwenye mtaala. Mwisho yule wa kipara akanyoosha kidole. "Mwalimu, sasa si uandike mara mia, 'sitarudia tena'?"

Bwana Ramani alicheka mpaka akashika ngazi. Bi Mistari naye akacheka.

*

Aliandika 'sitarudia tena'. Si mara mia, mara kumi, na kiranja akasimamia. Namba yenyewe haikufunikwa kwa rangi nyeupe. Aliipiga mstari mmoja katikati, ikabaki inasomeka, na kando yake akaandika 7 × 13. Mwalimu mkuu alipopita kuangalia alisema inaharibu sura ya darasa. Hata hivyo alikaa hapo kitambo, mikono mfukoni, akasema amekwisha zungumza na yule mkubwa wake, na kwamba imekuwa kama alivyotabiri, nyumba nzima inajua.

Kuhusu Chiriku, mtu asidhani alianza kupiga soga. Siku iliyofuata hakusema kitu, wala iliyofuata. Bi Mistari hakumsukuma. Alijua kuwa kusema mara moja mbele ya watu si sawa na kuwa na sauti, na alikaa na wasiwasi wake kimya kimya, akasahihisha madaftari, akayainua dirishani moja moja, akitafuta mahali palipochakaa.

Jumatatu ya wiki ya pili, wakati wa mapumziko, alikuwa anafuta ubao alipoona mtu mlangoni. Mtoto hakuingia. Alishika fremu ya mlango.

"Mwalimu. Moja."

"Moja imefanyaje?"

"Mbona haipo ukutani? Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe. Haipangiki ila peke yake. Ni tasa ile."

Bi Mistari akaweka kifutio chini. Jibu alikuwa nalo, lile alilopewa chuoni na ambalo alilitoa kila mwaka bila kulifungua: moja si tasa kwa sababu vigawo vyake si viwili, ni kimoja tu. Akalisema.

Mtoto akalisikiliza lote. "Hiyo ni kanuni tu," akasema. "Nani aliamua viwe viwili? Sijakubali."

Miaka ishirini na minane, na hapakuwahi kutokea mtoto aliyemwambia maneno hayo. Bi Mistari akachukua chaki mbili, moja akampa.

"Ingia. Na mimi sijawahi kulifikiri vizuri. Vunja sita, mpaka zibaki namba tasa tu."

Mtoto akaandika 2 × 3.

"Kuna njia nyingine?"

"Hakuna. Tatu mara mbili ni ile ile."

"Haya. Tuseme moja nayo ni tasa, kama usemavyo. Vunja tena."

Chaki ikasita. Akaandika 1 × 2 × 3. Akatazama. Akaongeza moja nyingine mbele, 1 × 1 × 2 × 3. Akaongeza nyingine, na nyingine, anaandika kinyumenyume kuelekea ukingo wa ubao, moja, moja, moja, mpaka mkono ukafika kwenye mbao na chaki ikagota.

"Haiishi," akasema.

"Haiishi."

"Kila mtu atakuwa na jibu lake."

"Ndivyo ninavyoona. Wewe unaonaje?"

Nje watoto walikuwa wanapigania mpira. Chiriku alirudi nyuma hatua mbili ili auone ubao wote, vumbi la chaki limemjaa puani, kakunja uso kama fundi anayekadiria sakafu ya mtu mwingine.

"Nitafikiria," akasema. "Usiufute, Mwalimu. Bado sijamaliza."